Feruzi ya Bibi Mabruka

Jumamosi, 8 Novemba

Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshindwa, basi usimwambie mtu hata neno moja. Usimwambie mama yangu, usimwambie dada yangu Nisreen, na zaidi ya wote usimwambie binamu yangu Abdulfatah. Mimi ni karani tu katika ofisi ya mawakili mjini, tena karani mwoga. Nikijulikana sina pa kujificha.

Habari yenyewe ni hii. Nisreen anaolewa Jumamosi ijayo, hapa hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Mountain View. Baba hayupo duniani, kwa hiyo walii wa kumwoza ni mimi. Mimi! Mtu anayeogopa lifti.

Kidani cha bibi yetu, marehemu Mabruka, kiko mikononi mwangu tangu alipofariki mwaka jana. Mkufu wa fedha na jiwe moja la feruzi, kubwa kama kokwa ya tende. Feruzi ni jiwe la waliozaliwa Desemba. Bibi alizaliwa Desemba, na Nisreen pia. Sisi wengine tulizaliwa miezi ya kawaida. Bibi aliagiza Nisreen akivae siku ya nikahi yake, na mimi nikitunze mpaka siku hiyo kwa sababu, alisema, Ridhaa ni mwoga, hawezi kukipoteza. Nimeichukua kama sifa.

Leo Abdulfatah amekuja kutoka mtaa wa Karen, ambako anauza simu katika duka lenye vioo vingi kuliko simu. Amemletea Nisreen kidani kipya cha tanzanaiti, nayo ni ya Desemba vilevile, ndani ya kiboksi kinachowaka taa ukikifungua. Mama amesema mashallah. Jirani amesema mashallah mara mbili. Kisha Abdulfatah akaniuliza, mbele ya watu wote, kama lile jiwe la bibi bado lina rangi ya mchicha uliolala. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndiyo tabia yangu.

Walipoondoka nimekitoa kidani nikakitazama. Kweli. Mchicha uliolala. Nimesoma kwenye simu kwamba feruzi nzuri ni ya buluu, buluu ya anga asubuhi. Yetu inaumwa! Nisreen akikiona hivi atavaa cha Abdulfatah, na bibi atakuwa ameagiza bure. Lazima apatikane daktari.

Nimempata. Ni mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Mama na Nisreen wamekwenda Loresho kwa kina Amin, bwana arusi, kupanga mambo ya chakula. Nyumba ni yangu.

Dawa ya meno na mswaki: hakuna kitu. Maji ya moto na sabuni ya kufulia: hakuna kitu, ila vidole vyangu vimeng'aa. Dawa ya kusafishia vidonda: mapovu machache, matumaini machache. Hatimaye msasa laini alioacha fundi wa kabati. Nikatandika gazeti, nikasugua pole pole, kwa adabu.

Chini ya kijani kulikuwa na buluu. Buluu! Kumbe ilikuwa imejificha humo muda wote.

Nikiwa nasugua nilimkumbuka bibi. Chumba hiki ninachoandikia kilikuwa chake. Akitoka kuoga anajipaka mafuta ya waridi shingoni, anatandaza kanga zake juu ya chetezo zifukizwe udi, na kidani kiko shingoni muda wote. Hakukivua hata kulala. Tulipokuwa wadogo, mtoto aliyetoka kuchomwa sindano alipewa jiwe alishike mpaka aache kulia. Mimi nililishika hata siku walipochomwa wengine. Lilikuwa na joto, kama yai lililotoka kutagwa sasa hivi.

Leo lilikuwa baridi. Nadhani ni maji.

Lakini linang'aa! Abdulfatah atakoma.

Jumatatu, 10 Novemba

Maafa.

Jioni gauni la Nisreen limefika kutoka kwa fundi. Ni la kijani. Si kijani cha majani wala cha chupa. Ni kijani kile kile. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kitu, kwa nini hakuchagua buluu.

Nisreen akanieleza huku akiligeuza gauni mbele ya kioo. Alisema bibi alipovishwa kidani siku ya harusi yake, jiwe lilikuwa la buluu. Bibi mwenyewe alimsimulia. Feruzi ina kiu, alimwambia. Ikanywa mafuta yake, na udi wake, na jasho lake, miaka yote ya ndoa na miaka yote ya ujane, mpaka ikawa na rangi ambayo hakuna feruzi nyingine iliyo nayo. Nisreen akasema amechagua kitambaa kwa kuikumbuka rangi hiyo. Akasema tanzanaiti ni nzuri, Abdulfatah ana moyo mzuri, lakini siku ile anataka awe na bibi shingoni, basi.

Niliomba udhuru nikaenda chooni. Nikakaa huko mpaka mama akabisha kuuliza kama ni maharagwe.

Nimemsugua bibi kwa msasa. Alikuwa unga wa kijani juu ya gazeti. Na gazeti limekwenda na gari la taka leo asubuhi.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango! Jiwe lililokunywa mara moja litakunywa tena. Ni kweli bibi alichukua umri mzima, nami nina siku chache. Lakini mimi hutoka jasho zaidi.

Asubuhi nimejipaka mafuta ya waridi yaliyobaki katika chupa ya bibi. Nimevaa kidani chini ya shati. Kisha nimesimama juu ya chetezo na suti yangu nzima, kama kanga. Nikaenda kazini.

Becky wa mapokezi, ambaye haogopi mtu, aliinua pua kabla hajainua kichwa.

"Ridhaa, sasa? Mbona leo ofisi inanuka harusi?"

Nikasema ni sabuni mpya. Baadaye wakili Mungai, mkubwa wetu, akaniita. Alisema kwa upole kwamba mteja mmoja ameuliza kama hapa kuna msiba au sherehe, na kwamba ingekuwa vizuri nihamie meza ya dirishani. Dirishani kuna jua. Jua huleta jasho. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Wakati wa chakula cha mchana nimepanda na kushuka ngazi mpaka nikaona nyota. Nikiwa nahema nimeegemea ukuta, kifungo cha shati kikaachia. Becky akaona mkufu.

"Hiyo kitu ni ya nani?"

Nikasema ni ya mgongo. Ni tiba. Kufikia saa kumi, ofisi yote ilikuwa inanipa pole ya mgongo, na mtu fulani ameniwekea mto kwenye kiti.

Jioni nimelitazama jiwe. Buluu. Buluu kama halikunisikia.

Jumatano, 12 Novemba

Abdulfatah ametokea ofisini bila taarifa. Alisema alikuwa mjini kufuata bidhaa za duka. Akainama mezani kwangu, akanusa.

"Buda, unanukia kama bibi arusi. Kuna kitu hutuambii?"

Akavuta mkufu kwa kidole, jiwe likatoka mbele ya Becky na mbele ya mashine ya kutoa nakala. Nilimburuta hadi kwenye ngazi nikamwambia yote. Sikulazimishwa. Mimi nikitishwa kidogo tu, hutoa hata yale ambayo sikuulizwa.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Kisha akaacha kucheka. Akaliweka jiwe kwenye kiganja chake, akalifumbata. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye alichomwa sindano nyingi kuliko sisi sote, kwa ajili ya pumu.

"Lilikuwa na joto, hili," alisema.

Baadaye akajikung'uta suruali, akarudi kuwa Abdulfatah. Alipendekeza Nisreen avae tu tanzanaiti, naye atanyamaza kama kaburi. Nikakubali. Najua! Lakini nilikubali.

Kwa hiyo jioni nimemwendea Nisreen na hoja ya kisomi. Nilimwambia yeye alizaliwa katika Ramadhani, na Ramadhani huhama. Mwaka ule iliangukia Desemba, sawa, lakini mwaka huu imeangukia Machi. Kwa hiyo jiwe lake nalo limehama. Sasa ni akwamarini, jiwe la Machi. Feruzi haimhusu tena, tusiing'ang'anie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa hesabu hiyo hata tanzanaiti ya Abdulfatah haimhusu, kwa hiyo aende kuolewa shingo tupu. Nikamuuliza, na mimi niliyezaliwa Shaabani, je? "Wewe hujawahi kuwa na jiwe, kakangu. Wewe una kokoto."

Mama alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikuwa nimeifikiria ile sehemu ya tanzanaiti.

Ijumaa, 14 Novemba

Nisreen amekiulizia kidani. Nimesema kiko kwa fundi, kishikizo kimelegea. Kilikuwa kifuani pangu wakati nikisema, na kilinichoma kama kaa la moto.

Baada ya sala ya Ijumaa, Abdulfatah amekuja. Alitoa mfukoni udi, ule wa hali ya juu, ambao huwekewa wageni. Tumeingia humu chumbani kwa bibi, tukafunga mlango, tukawasha chetezo. Mimi nilishika mkufu upande mmoja, yeye upande wa pili, jiwe likining'inia katikati ya moshi.

Moshi ukajaa. Harufu ikaja yote kwa mara moja: kanga zake, mto wake, karafuu aliyotafuna baada ya kula. Bila kuambiana, sote wawili tuligeuka kutazama kitanda.

Hakukuwa na mtu, bila shaka. Abdulfatah akasema moshi unamuuma macho. Ana pumu, nilimwambia, atoke nje. Hakutoka.

Pembeni mwa jiwe kumetokea doa la kijani, dogo kama punje ya dengu. Abdulfatah anasema ni kivuli. Mimi nasema ni dengu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilivaa kidani mpaka dakika ya mwisho, chini ya kanzu. Kila dakika ni funda moja.

Wageni walipokwisha kukaa, sheikh alisema twende tukachukue idhini ya bibi arusi. Tukaenda: sheikh, mimi walii, na mashahidi wawili, mmoja wao Abdulfatah. Nisreen alikuwa amekaa kitandani kwa gauni la kijani, mama kando yake. Shingo tupu. Hakuwa amevaa tanzanaiti.

Nilianza kumuuliza, kama nilivyofundishwa, kama ameniruhusu nimwoze kwa Amin. Akanikatiza.

"Kidani kiko wapi?"

Sheikh akakohoa. Nikafungua vifungo vya kanzu mbele ya watu wote, nikakivuta nje. Mama akaguna. Nisreen akakipokea, akalitazama jiwe, akaligeuza, akalitazama tena. Wanja ukaanza kushuka.

"Nilitaka king'ae," nikasema.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alikipeleka puani. Akanusa, akanusa tena, mpaka nikaanza kufikiria nyumba ambayo ningeweza kuhamia.

"Kinanuka nini hiki?"

Nikasema ni mafuta ya bibi. Na udi wa Abdulfatah. Na mimi.

"Umekivaa ofisini?"

Nikasema ndiyo. Na suti? Na suti. Na Becky akaona? Nikasema Becky anadhani ni dawa ya mgongo. Hapo kitu kikamtoka Nisreen ambacho sikujua ni kilio au kicheko, na nadhani naye hakujua. Sheikh akauliza kama hiyo ndiyo idhini.

"Bado, sheikh."

Akanigeuzia mgongo, akainua mtandio.

"Nifungie. Bibi naye alianza na cha buluu. Nitakinywesha mwenyewe."

Kishikizo kilikataa kuingia, ilibidi Abdulfatah anishikie upande mmoja. Buluu juu ya kijani. Haikupatana hata kidogo. Akapanguswa wanja, akatoa idhini kwa sauti ya kusikika, nami nikamwoza dada yangu bila kukosea neno hata moja.

Jumapili, 16 Novemba

Nyumba imenyamaza. Nisreen yuko Loresho. Mazulia yamekunjwa, masufuria ya pilau yanasubiri kurudishwa kwa wenyewe. Mara kwa mara mkono wangu unakwenda kifuani kutafuta jiwe, unakuta kifungo. Kumbe mtu huzoea haraka.

Mama amelala, amechoka. Kwenye meza yake ya kioo ameacha mkufu wa lulu aliopewa na baba. Lulu ni jiwe la Juni, mwezi wake. Nimeutazama kwa huzuni. Zamani zilikuwa nyeupe, nina hakika. Sasa zina manjano kama meno ya mvuta sigara. Maskini mama. Hajisemei.

Msasa siutaki tena, mimi si mjinga. Nimesoma kwamba ndimu husafisha kila kitu. Nimekamua ndimu zote za jikoni katika bakuli na kuuzamisha mkufu humo. Tayari lulu zinatoa mapovu na kulainika. Dalili njema! Akiamka atashangaa.

Na kwa kuwa wewe uliyeanza kusoma hukufunga daftari kama nilivyokuomba, huenda nawe una kito nyumbani kilichofifia. Nipo. Usipige simu ya ofisi. Panda kwa ngazi, lifti si salama. Mwambie Becky umekuja kumwona mgonjwa wa mgongo, nitakuwa dirishani. Ukipendelea nyumbani, teremka Waiyaki Way, ingia Mountain View, uulize nyumba yenye geti lenye kutu karibu na msikiti mdogo. Gonga dirisha la nyuma, si mlango. Akitokea mama, sema umekuja kusoma mita ya maji. Akitokea Nisreen, kimbia.