Kamera Isiyolia

Jumatatu, 3 Juni
Nimefanya! Likamera langu kubwa lililonipinda bega miaka yote nimelibadilisha dukani. Nimechukua mpya, ile isiyo na kioo ndani. Lenzi zangu zote zimekwenda na la zamani, kwani haziingii kwenye hii. Uzuri wake: nyepesi, kimya kabisa, picha unaiona kabla hujabonyeza. Ubaya: hakuna. Muuzaji alinisihi nichukue betri ya akiba, eti skrini inakula chaji. Nikamwambia mimi si mtoto. Jumamosi napiga harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Bwana Flashi, mpiga picha mpinzani wangu wa mtaa wa pili, kaalikwa kama mgeni tu. Aje ajionee.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Nimeijaribu kwa mama mkwe. Kakaa mkakamavu, anasubiri mlio. Mlio hakuna! Nikamwambia tayari, nimeshapiga kumi. Akasema hajasikia kitu, na kama namchezea atamwita Bwana Flashi, ambaye kamera yake inalia kama kamera. Mke wangu akaongeza kuwa nikiiharibu harusi ya mdogo wake, nisirudi nyumbani. Hakuwa anatania.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa imepatikana! Nabonyeza, halafu nafanya "kacha" kwa ulimi. Mama mkwe karidhika, kasema, "Naona umeitengeneza." Mke wangu anasema kitabu cha maelekezo lazima kieleze jinsi ya kuiwashia sauti. Kitabu chenyewe kinene. Ulimi ninao.

Jumamosi, 8 Juni
Maharusi wanavishana pete, skrini ikazima. Giza tii! Asubuhi nzima nilikuwa najitazamia picha nilizopiga, betri imekwisha. Ukumbi mzima macho kwangu, mama mkwe mstari wa mbele. Maji yamenifika shingoni. Ningesema nini? Nikafanya kacha. Pete, kacha. Sahihi, kacha. Mke wangu akalia, kacha, kacha. Jasho lilinishuka mpaka kwenye soksi. Bwana Flashi kule konani ananitazama mdomo. Kajua! Akainuka taratibu na kamera yake kuukuu, akaanza kupiga. Mama mkwe akamwambia akae, mpiga picha tunaye. Hakukaa.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe anataka picha za pete leo leo. Nimeufyata mkia, nimekwenda kwa Bwana Flashi. Hakunicheka, na hilo ndilo limeniuma. Kanipa zote kwa sharti moja, nimwambie mke wangu ukweli. Nimemwambia. Akaniuliza, "Hata mimi nilipokuwa nalia, ulikuwa unafanya mdomo tu?"
Niliona aibu ya kweli. Nimehamia kwenye benchi la studio yangu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la kamera kuwa bubu. Nimeirudisha dukani, nimechukua droni. Hii inapiga kutoka angani na inaunguruma yenyewe, mama mkwe ataisikia hata akiwa jikoni. Ulimi wangu upumzike. Mke wangu akiiona atanirudisha ndani.
Muuzaji kaniuliza tena habari ya betri ya akiba. Nimemcheka.