Kuhusu Adui Anayeimbwa katika Albamu ya Mutheu

Ndugu Mulwa, Mtangazaji wa nyimbo za Injili,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Mimi ni Josphat Ngui wa Kathiani, mkulima wa mahindi na maparachichi, na msikilizaji wako tangu enzi zile kipindi chako kilipokuwa na nyimbo. Nakuomba kwa heshima uache kuicheza albamu mpya ya jirani yangu Mutheu, iitwayo Nimewapita Wote. Mwezi ujao tunachagua mzee wa kanisa, nami nimejitokeza. Albamu hiyo itaniangusha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyimbo ni nane, tuni ni moja. Mpiga kinanda aliwasha mdundo kisha, nadhani, akaenda kunywa chai. Sauti imesafishwa kwa kompyuta mpaka mimi, ambaye humsikia Mutheu akiita ng'ombe kila siku, nikauliza huyu ni nani. Kwenye video anabadilisha nguo kila ubeti kando ya maua ya hoteli moja mjini Machakos, na vijana wa kukodiwa wanaruka nyuma yake na miwani ya jua, naye anaimba kuhusu msalaba! Hayo ningevumilia.

2. Nyimbo zote zinamhusu adui. Yesu anatajwa, ndiyo, lakini harakaharaka, kama shahidi aliyeitwa kortini. Na adui huyo ni mimi.

3. Ushahidi ninao. Wimbo wa pili unasema adui alichimba shimo karibu na njia yake. Nilichimba kweli, ni choo, na afisa wa afya alikikagua. Wimbo wa tatu unasema adui alicheka alipoanguka. Mutheu aliteleza kwenye matope akiwa amekumbatia spika ya kwaya. Hata pasta alicheka, ila yeye aligeukia ukuta kwanza. Wimbo wa tano unasema adui hakutaka aimbe. Hapo nakubali, sikutaka. Nani angetaka, naye anafanya mazoezi kabla jogoo hajaamka?

4. Mwisho wa albamu anashukuru watu kwa majina: wafadhili, fundi wa kamera, akina mama wa Muthetheni, mpaka daktari wa ng'ombe. Mimi jirani, ninayetenganishwa naye na ua tu, kimya. Aliyeachwa hapo, kila mtu anajua amewekwa wapi.

5. Siku hizi kiitikio kikianza kanisani, vichwa vinageukia benchi langu. Mke wangu Kasyoka amehama, anakaa upande wa kwaya. Nimeumia, ndugu yangu.

Kwa hivyo naomba albamu isimamishwe. Tena naomba makanisa yote ya kaunti yapitishe sheria: anayetaka kuimba kuhusu adui amtaje kwa jina na nambari ya kitambulisho, na adui apewe ubeti wa kujitetea. Adui asiyejua kuimba, kama mimi, apewe kwaya ya kumsaidia, nayo ivae sare.

Nisalimie fundi wa mitambo, mama watoto, na wasikilizaji wote, hata wale wanaopiga simu kuomba wimbo wa tatu.

Wako katika imani, nisiye na ugomvi na mtu,
Josphat Ngui

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Kasyoka amerudi kutoka kwa Mutheu. Alienda kumuuliza waziwazi. Anasema Mutheu alishangaa mpaka akakaa chini. Adui ni kwaya fulani ya Ekalakala iliyomfukuza kabla hajaolewa huku kwetu. Kuhusu mimi, alisema kwa upole kwamba hakuwahi kunifikiria. Nimechimba, nimecheka, nimemkemea kupitia ua miaka yote hii, na sikupata hata nusu ubeti! Basi usiisimamishe. Jumapili cheza wimbo wa tatu, na utangaze kwa sauti kwamba umeombwa na Ngui wa Kathiani, adui yake wa karibu zaidi.