Matanga ya Mjapani, Bellevue

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Pasta na ua mzima wa nyumba yetu ya kupanga hapa Bellevue.

Asubuhi nimesoma kwenye simu kwamba mwigizaji mmoja mzee wa Japani amefariki. Hamumjui. (Shule niliiacha mapema, sinema za mazimwi sijaziacha mpaka leo.) Ni yule aliyekuwemo katika kila filamu: hii polisi, ile daktari, nyingine mvuvi. Ndiye wa kwanza kuliona zimwi. Anapiga kelele, hakuna anayemsikiliza, anakanyagwa. Maisha yote hivyo! Hata mara moja hakuachwa amuoe msichana.

Nikalia. Pale pale uani, juu ya ndoo ya kufulia.

Mama Furaha, msusi Mkongo tunayepakana naye vyumba, akaniona. "Papa Idi! Nani amekufa?"

Nikatikisa kichwa tu, nikazidi kulia.

Basi! Kwa Wakongo wetu mfiwa hahojiwi, analetewa watu. Viti vikatoka kila chumba. Sufuria la sombe, kisamvu chao, likapanda jikoni. Mteja wa Mama Furaha akaja na nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama kama umeme umempiga. Nyimbo zikaanza.

Nilitaka kusema ukweli, wallahi. Lakini nimehamahama miji mingi, na hakuna hata mmoja ulionitolea kiti. Nikaogopa kuwapoteza.

Pasta akafika. "Ndugu, tuambie habari za marehemu."

"Alikuwa mtu wa kazi," nikasema. (Kweli tupu.) "Aliona hatari inakuja, akaonya watu. Hawakumsikia."

"Eeh, Yesu!" watu wakaitikia.

"Mji ukabomolewa. Watu wakakimbia na mizigo kichwani."

Hapo kina mama wakaangua kilio. Nani pale uani hajawahi kukimbia na mzigo kichwani? Mama Furaha alilia mpaka kitenge kikalowa. Nikatamani ardhi inimeze.

Pasta akanishika bega. "Ni waasi gani walifanya hivyo, ndugu yangu?"

Pasta simdanganyi.

"Si waasi, Pasta. Ni mjusi."

"Mjusi?"

"Mkubwa. Anazidi ghorofa kwa urefu. Alitoka baharini."

Nikatoa simu, nikaonyesha picha ya marehemu na zimwi lake. Ikapita mkono kwa mkono.

"Eish!" akasema yule wa nywele nusu. "Mimi nimekatiza kusukwa kwa ajili ya sinema?"

Mama Furaha akaitazama picha kwa muda mrefu. Moyoni nilishaanza kufungasha.

"Na kweli hakuna aliyemsikiliza?"

"Hata mmoja, Mama."

"Masikini, baba wa watu." Akajifuta macho. "Papa Pasta, endelea. Sombe imeiva, na huyu naye ana mama aliyemzaa."

Pasta akakohoa, akaomba. Tukala.

Sasa nawasihi, msicheke. Jumapili marehemu anaombewa kanisani, na aliyetajwa kuwa ndugu wa karibu ni mimi, Idi.