Barabara Tupu, Nyumba Imejaa

Leo nimejivua nguo mbele ya watu. (Si nguo za kweli. Hizo zingekuwa afadhali.) Ninawaandikia ninyi wote wa kikundi chetu cha kusoma barua moja tu, mupeane, kwa sababu sina nguvu ya kueleza aibu hii mara sita. Na ninaandika sasa hivi, kabla mtaa wetu mzima wa Kadutu haujawaletea habari kwa namna yake.

Munajua nilikuwa ninangoja komisiyo, ile inayokuja kutazama nyumba ya mtu kabla ya kumpa karte ya merite sivike, karatasi ambayo Leta, serikali ya Wabeleji, inampa Mwafrika anayeishi kizungu. Wanatazama meza, sahani, kitanda, na chini ya kitanda. Mimi niliacha shule mwaka wa nne, baba alipokufa. Kifaransa nimejifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada. Pale ghalani ninapofanya kazi, wenye diplome wananiita "karani wa kuokota". Karte hiyo ingewafunga mdomo. Ndiyo maana nilitaka kila kitu kiwe sawasawa. Kila kitu! (Mke wangu Faida anasema huo ni ugonjwa.)

Nyumba haikunitisha. Tumeisugua juma zima mpaka panya wamehama. Kilichonitisha ni barabara.

Njia yetu inapanda mlima kama mtu aliyekasirika. Nimeipima kwa kamba: mbele ya mlango wangu ina metre tatu na kidogo. Lakini hizo metre tatu hamujawahi kuziona! Papa Rugenge, seremala, ameweka kazi yake yote njiani. Maman Nabintu amepanga mitungi ya kasiksi, pombe yake ya ndizi, kando ya ukuta, na mbuzi wake amefungwa hapo kama mlinzi. Tonton Mateso, dereva, kila siku saa sita mchana anapandisha kamyo ya bwana wake, anaisimamisha katikati, anaenda kula ugali polepole. Ukitaka kupita, unavuta tumbo.

Mwezi uliopita komisiyo ilikwenda kwa karani mmoja wa njia ya juu. Motokari yao ikakutana na mkokoteni wa makaa. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Mwisho gurudumu la motokari likaingia mufereji, wakubwa wakakasirika, wakaenda zao. Nyumba ya yule maskini hawakuiona hata paa. Mpaka leo anangoja.

Mimi hayatanipata hayo, nilisema. (Kumbukeni maneno haya.)

Komisiyo ilipaswa kufika saa tano. Saa moja asubuhi nilikuwa nimekwisha kupiga hodi milango yote, nikisema tu kwamba motokari ya wakubwa itapita. Sikusema ni kwa ajili ya nini. Wakijua, na mimi nikishindwa, ningeishi wapi?

"Maman Nabintu, ninaomba uondoe mitungi. Ni kwa asubuhi moja tu."

"Niiweke wapi? Mu kichwa?"

"Mu nyumba yako, maman."

"Mu nyumba yangu muko batoto saba na bageni ba kutoka Idjwi! Na hii pombe iko inachachuka, mutoto wangu. Ukiitikisa, inakasirika."

Papa Rugenge hakuinua hata macho. Alikuwa anapaka rangi sanduku la maiti.

"Njia iko ya Leta," alisema. "Leta ikitaka kupita, ipite na miguu kama siye."

"Papa, ninakuomba."

"Hii sanduku banaingoja kesho. Nikiiondoa, nitaianika wapi? Kwa shemeji yangu?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo na kusema neno ambalo hakuna aliyenilazimisha kulisema: "Basi, leteni kwangu."

Nina chumba kidogo nyuma, karibu na jiko. Nilikuwa na mpango. Wakubwa wangeingia kwa mlango wa mbele, wangeona sebule, wangeona kitanda, wangekunywa kahawa. Choo ningewaonyesha kwa kidole, dirishani. Kwa nyuma wasingefika kamwe. Mitungi minane ikaingia. Sanduku la maiti likaingia, limesimama wima, maana kulala halikuenea. Mbao zikaingia. Mbuzi naye akaingia, akatutazama kama mwenye nyumba. Faida alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unasafisha njia, unachafua nyumba," alisema. "Komisiyo inaangalia nini, njia ao nyumba?"

"Wataingiaje nyumbani kama hawakupita njia?" nilimjibu. (Nilijiona mwenye akili sana. Saa tatu na nusu hiyo.)

Ikabaki kamyo. Nilimkuta tonton Mateso, nikamwambia leo asipande. Kisha wazo likanijia, na wazo zuri ni kitu cha hatari kwa mtu kama mimi. Nikamwambia asimamishe kamyo kule chini, kwenye mdomo wa njia, aifunge kabisa, ili mkokoteni wowote usipate kuingia. Afungue kwa motokari ya komisiyo peke yake.

"Nitaijua namna gani?" aliuliza.

"Iko nyeusi." Ile ya mwezi uliopita ilikuwa nyeusi.

"Na ingine?"

"Ingine hapana! Hata nani akuambie nini."

"Nimesikia, karani."

Nikachora kwa chokaa, mbele ya mlango wangu, mahali pa kusimamisha motokari. Mistari minne, pembe sawasawa. Wa kwanza ulipinda kidogo, nikaufuta, nikauchora tena. Rafiki zangu, barabara yetu ilikuwa nzuri! Tupu, imefagiwa, bila kuku hata mmoja. Nilitaka kulia.

Saa tano kasoro robo nilisimama kwenye kona, chini kidogo ya mlango wangu, na filimbi, nikitazama chini. Watu wakaanza kufika. Hapo niligundua kwamba ukifunga njia, watu hawapungui, wanaongezeka.

"Njia imefungwa! Zungukeni nyuma!" Nyuma kuna kijia kinachopita katika viwanja vyetu, kati ya majiko na vyoo.

"Karani, tangu lini njia iko na mwenyewe?" Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani.

"Zunguka, maman."

"Nizunguke na huu muzigo? Muke yako akizaa, na mutoto atazunguka?"

Alizunguka akinitukana kwa lugha ya Mashi. Mwenye baiskeli naye akazunguka. Mwalimu wa katekismo akazunguka, akiniombea kwa sauti. Saa tano ikapita. Saa tano na robo. Hakuna motokari. Jasho lilinifika kwenye soksi. Nikasimama juu ya jiwe, nimeshupaza shingo kuangalia bonde lote juu ya vichwa vya wapita njia, filimbi mdomoni.

Mtu akanigusa bega kutoka kando.

"Samahani, bwana, tunataka kupita."

Sikugeuka. Uchungu ulikuwa umenijaa. "Nimesema njia imefungwa! Muko viziwi? Zungukeni nyuma kama wengine!"

Kisha sauti ileile, kwa adabu: "Ndiyo, bwana." Na miguu ikaenda. Jozi mbili.

Nikapiga filimbi kwa hasira, kwa ajili ya motokari ambayo haikuwepo.

Dakika tatu baadaye nikasikia mbuzi. Kisha nikasikia Faida akiita jina langu, lote, mpaka lile la ubatizo. Faida analitumia jina la ubatizo kwa mambo mawili tu: kifo na moto. Nikakimbia.

Mumekwisha kuelewa? Mimi nilielewa nilipoingia jikoni kwangu. Muzungu wa komisiyo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kofia mkononi, viatu vimejaa matope ya kijia. Kando yake, karani wake, Mukongomani mwembamba mwenye miwani, ndiye niliyemfukuza. Walikuwa wameacha motokari kule chini. Ilikuwa ya kijivu. Tonton Mateso alikuwa amewaambia, kwa heshima zote: "Samahani, Bwana, hapa inapita komisiyo tu, na motokari yao iko nyeusi." Alipofahamu kwamba ndio wao, akakimbilia kuzungusha manivela ya kuwasha kamyo, nayo ikakataa kuwaka. Wakapanda kwa miguu. Na mimi nikawaonyesha njia ya vyoo, moja kwa moja mpaka jikoni kwangu!

Muzungu alitazama mitungi. Alitazama mbao. Alilitazama sanduku, lililosimama wima mbele yake kama mgeni mwingine.

"Hii vitu yote iko ya nani?"

Kifaransa changu chote kikanitoroka. Kamusi nzima!

"Ya barabara, Bwana."

"Ya barabara?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na hii sanduku? Iko mutu ndani?"

"Bado, Bwana."

(Sijui kwa nini nilisema "bado". Nitajiuliza mpaka kufa.)

Wakati huo mtungi mmoja, uliotikiswa tangu asubuhi, ukakohoa. Kizibo cha majani ya ndizi kikaruka, povu likakifuata, na vyote viwili vikampata karani wa miwani kifuani, juu ya faili lenye jina langu. Mbuzi akasogea, akalilamba lile faili taratibu, kama anayesoma.

Hawakuona sebule. Hawakuona kitanda. Kahawa ilipoa. Muzungu aliandika maneno machache, akanipa mkono (hilo ndilo lililoniumiza zaidi), akatoka kwa mlango wa mbele. Yule karani akabaki nyuma kidogo, akijifuta.

"Ameandika: wangoje miezi sita, halafu tutarudi. Nyumba imejaa kupita kiasi." Kisha akainama sikioni mwangu. "Lakini kaka, barabara kama hii sijapata kuona."

Walipoondoka, majirani wakaja kuchukua vitu vyao. Walinikuta nimekaa juu ya mbao. Papa Rugenge aliuchomoa ubao mmoja chini yangu.

"Kumbe balikuja kuangalia nyumba?"

"Ndiyo, papa."

"Wee mutoto, kwa nini haukusema? Siye tulifikiri banakuja kuangalia njia! Kama ni nyumba, hii vitu tungeipandisha mpaka kule juu, hata kwa mugongo."

Na Maman Nabintu: "Ningekuazima na bikombe byangu bya kizungu."

Faida alikuwa na jibu, lakini siliandiki hapa.

Basi, ndugu zangu, nitakuja Jumamosi kusoma kama kawaida. Mukitaka kucheka, muchekee huko kwenu kwanza, mumalize: njia yetu ni nyembamba, kicheko kikiingia hakina pa kugeukia.