Wanane Nyuma ya Jiwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Samaki wapya wamefika. Wanane, wembamba kama njiti za kiberiti, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni na mkia mwekundu. Daktari amewanunua kwa ajili ya wagonjwa wanaotetemeka wakisubiri kung'olewa meno. Tangi letu la kioo lilikuwa na wakongwe watatu tu. Mmoja, wa manjano, ana tumbo na anajiona mwenye nyumba. Namwita Mwenyekiti.

Daktari aliuliza nani anajua mambo ya samaki. Msaidizi wake, Bi Glavu (jina nimempa mimi, sijawahi kumwona viganja), alikuwa anafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema nimekulia na samaki. Ukweli nimekulia na bata, lakini maji ni yale yale.

Hesabu yangu ni rahisi. Mtu mwenye mikono iliyolowa hawezi kupokea simu. Nimepokea simu za hapa mapokezi miaka sita. Inatosha.

Muuzaji alitoa maagizo marefu. Mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini, joto lilingane. Kisha nitie maji ya tangi mfukoni, kikombe kimoja kimoja. Taa izimwe. Chakula kisubiri hadi kesho, tena chembe tu. Alipofika kwenye "halafu uwaache", nilikuwa nimeshamuaga.

Niliuelekeza mfuko majini uelee. Nikatia vikombe. Nikawaachia. Kufumba na kufumbua, wote nyuma ya jiwe. Taa sikuizima. Mgeni hapokelewi gizani.

Jumanne, 4 Machi

Bado nyuma ya jiwe. Wagonjwa wananiuliza kama tangi linauzwa.

Saa nne akaingia Mwalimu. Alinifundisha hesabu darasa la tatu, sasa amestaafu, na shavu lake la kushoto limevimba kama ameficha limau. Mara tatu ameweka miadi, mara tatu ameondoka kabla ya kuitwa. Akiisikia ile mashine ya kutoboa meno inalia chumba cha ndani, anakumbuka ghafla kuna nguo kwenye kamba nje ya nyumba yake. Daktari alininong'oneza kwamba usaha ulio kwenye jino lake ukiachwa wiki nyingine utakuwa balaa, na kwamba samaki hasa ni kwa ajili yake.

Nikamkalisha mbele ya tangi. Nikamweleza kwa fahari kuna kumi na mmoja. Akavaa miwani.

"Umesema kumi na mmoja. Naona watatu. Wanane wako wapi?"

Miaka thelathini imepita na bado nilisimama wima kumjibu. Nikasema wanapumzika, wametoka safari. Mashine ikalia. Mwalimu akakumbuka nguo zake.

Nimeumia. Mchana nikachukua hatua. Nikavuta ile taa kubwa ya kumulikia vinywa nikaielekeza kwenye jiwe. Samaki wakazidi kujikunja. Daktari, kule ndani, ikabidi amtazame mgonjwa kwa tochi ya simu. Nimeambiwa maneno ambayo sitayaandika humu.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya: tumbo. Hakuna kiumbe anayekataa chakula. Nilimwaga mfuniko mzima wa chakula chao. Hawakutoka. Nikamwaga wa pili. Mwenyekiti alikula mpaka akawa anaogelea upande upande. Kilichobaki kikazama, na kufikia saa nane maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele.

Bi Glavu hakunigombeza. Alileta ndoo na mpira wa maji, akanyonya taka za chini, akatoa robo ya maji, akarudishia mengine yaliyokaa tangu jana, yenye joto lile lile. Aliyaweka tayari tangu jana! Yaani alinitarajia. Afadhali angenigombeza.

Aliniomba tu nisiwaguse hadi kesho. Nikasema bila shaka. Niligonga kioo mara mbili tu, kuwatakia jioni njema.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi mbaya. Mwenyekiti amepona tumbo na anawafukuza wageni. Mmoja amenyofolewa kipande cha mkia. Nilimwona akitweta kwenye kona, mdogo vile, na kwa kweli roho iliniuma. Mimi ndiye niliyesema najua.

Wanahitaji nyumba, nikawaza. Jiwe moja kwa watu wanane! Nikazunguka zahanati nzima nikitafuta nyumba. Nikaiona kabatini: yale meno bandia makubwa ya plastiki tunayofundishia watoto kupiga mswaki. Mdomo wazi, nafasi tele. Nikayaosha kwa maji matupu, nikasogeza jiwe upande wa pili, nikayazamisha.

Mwenyekiti akapoteza ramani. Alizunguka akitafuta eneo lake asilione. Wale wanane wakaingia kwenye mdomo ule wa plastiki, mmoja baada ya mwingine, wakajipanga nyuma ya magego.

Bi Glavu akaja, akatazama kwa muda mrefu. Nilijiandaa. Akasema si wazo baya. Kisha akazima taa ya tangi na kufunika nusu ya kioo kwa kitambaa cha kijani cha daktari. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Saa tano, Mwalimu. Shavu limefika jichoni. Akakaa, akainama, akaona macho kumi na sita yakimtazama kutoka katikati ya meno.

"Hawa wanaogopa kuliko mimi," akasema.

Nikaanza kumweleza kuhusu joto, safari, Mwenyekiti. Akaninyooshea kidole.

"Wewe. Kimya. Kaa chini."

Nikakaa. Simu ililia, Bi Glavu akaipokea kwa sauti ya chini. Dakika ishirini sikusema neno, jambo ambalo mke wangu hataamini. Kisha mmoja akachungulia. Akarudi. Akatoka tena, na wa pili nyuma yake. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa midomo. Wa mkia ulionyofolewa alitoka mwisho, taratibu, akajiunga na wenzake.

"Wanane," akasema Mwalimu.

Mashine ikalia ndani. Alishtuka, nikamwona akiushika mkoba. Lakini hakuinuka. Alipoitwa, alimtazama yule wa mwisho mara moja zaidi, akaniachia mkoba wake niushike, akaingia kwa miguu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Jino limetoka. Mwalimu alipiga simu mwenyewe: usingizi wake wa kwanza mzuri tangu mwezi uliopita. Atarudi Jumatatu kukaguliwa, na anataka kiti kile kile. Mkia wa mdogo yule umeanza kuota. Daktari alitushukuru sote wawili. Bi Glavu alisema wazo la meno lilikuwa langu. Alilisema bila kuombwa. Nimebaki nikimfikiria kama mtu mwenye mawazo.

Jumamosi, 8 Machi

Zahanati imefungwa nusu siku. Nilikaa na samaki peke yangu. Wote kumi na mmoja wako wazi, wanaelea kwa utulivu, hata Mwenyekiti.

Utulivu mno, kusema kweli. Nadhani wamechoshwa na ukimya. Nataka Mwalimu awakute wamechangamka. Shemeji ameniazima redio yake, ile yenye spika mbili. Nimepima: inakaa sawasawa juu ya kifuniko cha tangi.