Marehemu wa Seva ya Kwanza

Kwa furaha isiyo kifani, Idara yetu inautangazia umma kwamba suala la makazi ya folda za watumishi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Nasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Makazi ya Folda, iliyokaa vikao kumi na vinne na kunywa chai katika vyote.

Zamani kila mtumishi alihifadhi kazi zake kwenye seva yoyote yenye nafasi. Vurugu tupu! Kamati ikaleta utaratibu. Seva ya Kwanza, yenye kasi na kiyoyozi chake, ikawa ya Mkurugenzi peke yake. Ya Pili ikawa yetu maofisa. Ya Tatu, iliyoko stoo karibu na mafagio, ikabeba watu mia mbili waliobaki, na ikilemewa hupigwa kofi la ubavu. Tena, ili wafu wasitubanie nafasi, mtumishi asiyefungua folda yake kwa siku tisini huhesabiwa marehemu, na folda hufutwa Ijumaa saa kumi jioni.

Wa kwanza kufa alikuwa mama wa masjala. Alirudi kazini Jumatatu akichechemea, baada ya miezi minne ya matibabu ya nyonga, akakuta mfumo umeshamzika, na folda yake ingefutwa Ijumaa hiyo, ya kwanza tangu kanuni ianze. Folda yake ilikuwa na kumbukumbu za vizazi vya mji mzima, miaka ishirini na miwili, na nakala nyingine hakuna.

"Mzee, mimi si huyu hapa?" alimwambia Mkurugenzi. "Nishike mkono basi!"

"Pole sana, mama. Lakini mfumo ukishasema umekufa, mimi ni nani nibishane nao?"

Alitoka akilia. Nilimpa fomu ya kufufuka, maana mimi sina roho mbaya.

Ijumaa asubuhi, mfumo ulipomaliza kukagua Seva ya Kwanza, fundi wa kompyuta alikuja mbio na jina la marehemu mpya. Mkurugenzi huchapishiwa kila kitu kwenye karatasi. Folda yake hakuwahi kuifungua tangu ateuliwe.

"Ondoa hilo jina!" alifoka.

"Bosi, inatakiwa sahihi ya Mkurugenzi aliye hai," alisema fundi, macho chini.

Kwa majonzi makubwa, nikakaimu.

Sasa, fomu ya kufufuka ya wakurugenzi inadai shahidi mwenye utumishi wa miaka ishirini. Mwenye sifa hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa marehemu. Mkurugenzi akanisihi nimfufue mama upesi; nikasaini saa tisa na nusu. Mama akafungua folda yake, akahakikisha watoto wote wa mji wamo, akafuta machozi. Ndipo akavaa miwani na kuivuta fomu ya mzee.

"Hapa wanauliza marehemu alifanya kazi gani alipokuwa hai."

"Wewe andika tu, mama. Si unanijua?"

"Masjala hatuandiki tusichokiona, mzee."

Akamwomba fundi aifungue folda ya Seva ya Kwanza. Miaka kumi na mmoja, na ndani hamkuwa na hata barua moja. Mama akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: *Haikuonekana*. Akaweka tarehe.

Saa kumi kamili fundi alitekeleza kanuni. Aliripoti kwamba hakukuwa na cha kufuta.

Mimi bado nakaimu. Kila asubuhi, kabla ya chai, naifungua folda yangu, naitazama kidogo, naifunga.