Meza Namba 0114

Halmashauri ya mji wa Onogawa inawatangazia wananchi wote, kwa furaha kubwa, kwamba mnada wa fanicha zilizotumika sasa unaendeshwa kwa adabu.

Ilikuwa hatua ya lazima. Zamani mtu alikuja tu, akaona kabati, akatia bei yake kwenye bahasha, akashinda, akaenda zake. Nani kamheshimu nani, haikujulikana. Mkurugenzi Sugaya akaagiza kila fomu igongwe mihuri saba ya maofisa, na muhuri wa mdogo uinamie kushoto, kuelekea wa mkubwa, kama ilivyo desturi ya ofisi. Muhuri wa mwananchi, ule wa jina lake ambao kila mtu hapo mjini anao, nao uiname, tena zaidi.

Bi Tokie Murase, mjane wa miaka sabini na moja, alikuwa anataka meza. Basi. Jumapili binti yake na wajukuu wanne wangekuja kula kwake kwa mara ya kwanza tangu ahamie fleti ya halmashauri, na yeye alikuwa bado anakula chakula chake juu ya sanduku la machungwa. Bei za dukani hazishikiki. Mnadani alishajaribu mara tatu.

“Imekataliwa tena, bibi,” alisema karani Nagumo. “Muhuri wako umesimama wima.”

“Sasa ulitaka ukae, mwanangu?”

“Unamtazama Mkurugenzi usoni.”

“Mimi hata simjui!”

“Ndiyo ubaya wenyewe huo.”

Hasira zikampanda. Akaomba fomu nyingine, akaenda kuijazia kwenye meza kubwa ya dirishani, ambayo mwenyewe alikuwa kwenye semina ya unyenyekevu. Ubavuni mwa meza kulikuwa na kibandiko cha mali ya halmashauri: 0114. Bi Tokie akakitazama kitambo. Halafu akaandika namba hiyo penye namba ya fanicha anayoitaka, akaandika yeni mia tano, akagonga muhuri uliolala kifudifudi kabisa.

“Huku ndiko kuinama!” Nagumo alisema, machozi yakimlengalenga.

Maofisa sita waliusifu muhuri ule, wakagonga yao. Namba hakuisoma mtu. Wa saba alikuwa Mkurugenzi, na kiongozi hasomi, anagonga.

Ijumaa wapagazi wakaibeba meza.

“Meza yangu hiyo!” Sugaya alipiga kelele.

“Ina mihuri saba, Mheshimiwa,” alisema Nagumo. “Wako ndio umenyooka kuliko yote. Kubatilisha kunahitaji ridhaa ya bibi aliyeinunua, kwa fomu.”

Jumapili watu sita waliizunguka meza ile, sufuria ikifuka mvuke katikati, vijiti vya kulia vikitolewa kwenye droo ya kalamu. Bi Tokie alikuwa na furaha mpaka akasahau kula. Mara hodi. Sugaya akavua viatu mlangoni, akaingia, akanyoosha fomu kwa mikono miwili.

Bi Tokie akavaa miwani, akaisogeza fomu kwenye mwanga.

“Pole sana, Mheshimiwa,” alisema. “Muhuri wako umesimama wima. Jaribu tena wiki ijayo.”